Malta ya Bi Mkunga

Bi Mkunga hakujua kukaa kitini kama watu. Ukimtembelea kwake Ruwais, mjini Jidda, atakukaribisha vizuri, atakuletea kahawa na tende, lakini yeye mwenyewe ataketi ukingoni mwa kochi, mguu mmoja tayari umo ndani ya kiatu. Abaya lake halikuwa kabatini. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, tayari kwa kutoka. Mama yangu, aliyekuwa jirani yake wa ghorofa ya chini tangu mimi sijajua kutembea, alikuwa akisema mwanamke yule hajapata kunywa chai ikiwa moto. Nami ni shahidi. Aliinywa imepoa, wima, simu imebanwa baina ya sikio na bega, anamwambia mtu wa upande wa pili, "Usimpe kitu. Usimpe asali, usimpe maji ya moto. Nakuja."

Hilo "nakuja" ndilo lililonichosha miaka kadhaa, na sidhani kama nimemsamehe.

Mimi nafanya kazi Riyadh, katika ofisi ya safari. Riziki yangu ni kuwapeleka watu mapumzikoni. Nimewapeleka maharusi Maldives, nimewapeleka wazee Bosnia wakatazame mito, nimepeleka familia nzima na yaya wao Georgia kushika theluji. Wote walikwenda na wote walirudi. Mtu mmoja tu alinishinda, na wala hakutaka makubwa. Alitaka wiki moja Malta.

Hospitali ilipomstaafisha Bi Mkunga, mtaa haukumstaafisha. Wengi wetu tuliozaliwa Jidda katika zile familia zilizotoka Unguja tulipita mikononi mwake, na tulipokua tukawa tunampelekea kila mwenye kuumwa. Wake wenye mimba, watoto wenye vipele, mama zetu wenye presha, wote njia yao ilikuwa ngazi zile zile. Akaja akajulikana hata nje ya sisi. Alikuwa akienda Kandara, kwenye vyumba walivyopanga vijana wa Kikenya, wengi wao madereva na walinzi, akawafunga vidonda na kuwagombeza kwa kulala na viatu. Huko ndiko alikojuana na Wafula, dereva wa nyumba moja kubwa ya Al-Hamra, aliyeungua mkono kwa maji ya rejeta. Mkono ulipopona, Wafula akajifanya dereva wake. Kila bosi wake akimpa nafasi, gari lile jeupe lilikuwa chini ya jengo letu, na yeye anasema kwa upole wa kwao, ambako mama huitwa mathe, "Nakuja tu kuona kama mathe anaenda mahali."

Na daima mathe alikuwa anakwenda mahali.

Alikuwa mkali, msije mkamdhania malaika. Mwanamke akipiga kelele kwa uchungu alikuwa akimwambia, "Lia, lakini lia huku unasukuma." Baba wa mtoto akizungukazunguka mlangoni alimtuma akanunue ndimu, na ndimu zikija hazina kazi yoyote, mradi yule bwana alikuwa ameondoka. Waliojifungua aliwaamuru walale arubaini yao yote wasiguse hata ufagio, naye mwenyewe sikupata kumwona amelala mchana. Alipenda sana tamthilia za Kituruki, lakini hakuna aliyoijua mwisho wake. Ilikuwa kazi ya mama yangu kumweleza nani alimuoa nani na nani alikufa, tena kwenye ngazi, Bi Mkunga akishuka mbiombio na mkoba wake.

"Wananifanya mwavuli," alilalamika kila siku. "Mvua ikinyesha, Bi Mkunga yuko wapi? Mvua ikikatika, wamenisahau nyuma ya mlango."

Maneno hayo yangekuwa na uzito kama namba ya simu hakuwa akiigawa mwenyewe. Nimepanga naye foleni dukani, mbele yetu mwanamke tusiyemjua hata kwa sura, naye akamtazama tumbo kwa muda, akamgusa bega. "Mtoto huyu amekaa ubavu. Chukua namba yangu." Baada ya sala ya alasiri alikuwa akiizima simu ili apumzike, kisha anatokeza dirishani kuangalia nani anakuja.

"Sasa unalalamika nini," mama akamuuliza siku moja, "na wewe ndiye unayewaita?"

"Nimwache?" akasema.

Ndiyo ilikuwa hoja yake kwa kila jambo. Nimwache?

Nilipoanza kazi ya safari, nilimshauri aende Unguja, akae pwani, apumzike. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Unguja si mapumziko, mwanangu. Unguja ni kazi. Nikishuka tu nina masanduku ya zawadi, nina matanga ya kwenda kuhani, nina wagonjwa, nina ndugu wawili hawasemezani toka mwaka juzi wananingoja mimi niwapatanishe. Nikirudi huku nataka wiki nzima ya kulala."

"Basi Maskati."

"Maskati nimekwenda harusini, na harusi yenyewe bibi harusi alizimia nikamshika mimi. Dari Salama nimekwenda kuzika. Makka ni ibada. Mimi sijapata kwenda mahali ambapo hapana mtu anayenijua."

Malta aliitoa hospitalini. Zamani alifanya kazi wodi moja na muuguzi mmoja wa huko, mwanamke mfupi mwenye miwani. Huyo, alivyosimulia Bi Mkunga, akitoka kazini ametoka. Hakuna aliyejua anakaa wapi. Hakuna aliyekuwa na simu yake. Siku yake ya mapumziko hata wodi ingewaka moto angeisikia kesho yake. Bi Mkunga alimsema kwa hasira na kwa husuda kwa pamoja. "Tulimwona hana huruma," akasema, "lakini alikuwa hana mba wala ugonjwa wa mgongo, na sote tulikuwa nao." Yule muuguzi alimwambia kwao ni kisiwa kidogo, kwamba mkate wao wauita karibu na Waarabu wanavyouita, na kwamba nyumba zao zina madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kama zile za zamani za Balad, Jidda ya kale. Basi. Kwa hayo tu, kisiwa kikamkaa moyoni.

Mama yangu alicheka alipolisikia. Waarabu wana msemo, mtu anayejihangaisha bure huambiwa anaadhini Malta, maana huko hakuna wa kuja msikitini. "Umekosa pa kwenda pote," mama akasema, "ukachagua pa kuadhini bure?"

"Ndiyo maana napataka," Bi Mkunga akajibu. "Mahali ukiita hapana anayeitika. Na mimi nisiitwe."

Nikasema hili ni jambo dogo. Nikaanza kulipanga.

Hapo ndipo nilipomjua Bi Mkunga vizuri. Alitaka hoteli karibu na bahari, nikapata. Akasema bahari ataiona wapi asiyoiona Ruwais, atafutiwe ya mjini. Nikapata ya mjini, akauliza ngazi. Nikapata isiyo na ngazi. Akauliza kwa nini haina bahari. Majira ya joto hakutaka, kwa sababu majira ya joto watoto huzaliwa wengi. Baridi hakutaka, magoti. Ramadhani haiwezekani, Hijja haiwezekani, na kabla ya Hijja kuna harusi. Ukiyaondoa hayo yote mwaka unabaki vipande vipande kama nguo ya fundi. Mimi nilikuwa nikimtumia picha kutoka Riyadh, yeye ananijibu kwa sauti, na katika kila jibu lake kulikuwa na mtoto mchanga analia kwa nyuma.

Mwishowe tukakubaliana tarehe. Nikaomba likizo yangu iendane nayo, kwa sababu alisema peke yake hawezi, ataogopa kiwanja cha ndege. Nikachukua hoteli, nikachukua tiketi. Siku chache kabla ya miadi ya viza, nikiwa ofisini na mteja mbele yangu, simu ikatoa sauti yake: "Mwanangu, halas, safari mafi, haipo tena. Binti wa hapa ghorofa ya tatu ana mapacha na mama yake yuko Yemen. Nimwache? Tutakwenda inshallah." Mteja alikuwa anasubiri nimweleze kifungua kinywa cha hoteli kikoje. Nilimtabasamia, nikamweleza, na meno yangu yaliuma kwa kuyabana.

Mara ya pili niliamua kuushika mpango kwa mikono miwili. Jidda miadi ya viza ilikuwa imejaa, nikamchukulia Riyadh, ili akae kwangu na nisimwachie mwanya. Alikuja na mfuko wa samaki waliogandishwa na malalamiko juu ya hewa. Riyadh ilikuwa kavu, midomo ilimpasuka, na alisema mji usio na bahari ni kama nyumba isiyo na dirisha. Alasiri ile ile ya kwanza alishuka kutupa taka. Alirudi na jirani yangu Msudani, mwanamke mwenye mimba ambaye nimekaa naye mlango kwa mlango bila kumjua hata salamu. Walikaa sebuleni kwangu mpaka magharibi. Tangu siku ile jirani huyo hunigongea kuuliza, kama anayemwulizia mama yake mdogo, "Khala yupo? Khala anarudi lini?"

Kwenye ofisi ya viza tulikaa kwenye viti vya chuma, namba zetu za foleni mkononi. Ofisa akaita jina. Akaliita tena. Hakusimama mtu. Bi Mkunga alikuwa anageuza shingo huku na huku kumtafuta huyo mzembe anayechelewesha watu, na mimi pia nilikuwa namtafuta, mpaka nikatazama pasipoti yake magotini mwangu. Ilikuwa ni yeye. Alikuwa hajaitwa jina lake kwa muda mrefu hata masikio yalilisahau.

Kisha zikaja alama za vidole. Binti wa Kisaudi aliyekuwa kwenye mashine, mpole, kucha zake fupi, akasema, "Bonyeza, ya khala." Akabonyeza. Mashine ikakataa. Akafutwa vidole kwa kitambaa, akabonyeza, ikakataa. Akapakwa mafuta kidogo. Ikakataa. Miaka ya spiriti, dawa za kuoshea na glavu ilikuwa imemlamba ncha za vidole zikawa laini kama kijiko.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, khala?" binti akauliza.

Nikamkanyaga mguu. Nilijua likitajwa lile neno tutamaliza siku pale.

"Mkunga," akasema.

Binti akaondoa mkono kwenye mashine. Akasema dada yake yuko mwezi wa nane na miguu imemvimba. Nyuma yetu foleni inakohoa, mimi natazama saa ukutani, na Bi Mkunga ameinama kwenye kidirisha anauliza kama dada anaumwa kichwa, kama anaona nyota machoni, kama amepimwa presha juzi au jana. Akampa namba. Vidole vilikubali mwishoni, sijui kwa ufundi wa binti au kwa dua yake.

"Umeona?" akaniambia tukiwa ndani ya teksi, ameridhika kabisa. "Bila kusema tungerudishwa."

Viza ikatoka, tena ya miezi kadhaa. Niliitazama ile karatasi iliyobandikwa kwenye pasipoti kwa furaha ambayo sijaipata hata kwa viza zangu mwenyewe.

Mpango ulikuwa hivi: mimi niruke kutoka Riyadh mpaka Jidda, nisitoke kiwanjani, yeye aletwe na Wafula, tuondoke pamoja. Nilifika mapema. Nilikaa mahali pa kukaguliwa tiketi, nikiwa na sanduku langu na kofia ya jua ambayo sijui kwa nini niliinunua. Nikampigia, akasema wamo njiani. Nikampigia tena, hakupokea. Nikampigia Wafula.

"Sista, tumepitia hapa nyumbani kwa bosi kidogo," akasema. "Dada wa kazi hapa kwetu amelala tangu jana na tumbo. Madam amempa chai ya nanaa. Mathe amesema aone tu, dakika tano."

"Wafula, mlete huyo mama hapa sasa hivi."

"Nimemwambia, sista. Lakini ameshika tumbo la yule dada na uso wake umebadilika."

Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Wafula alinieleza baadaye jinsi Bi Mkunga alivyomgeukia madam wa nyumba, akamwambia kwa Kiarabu, bila kupandisha sauti, kwamba huyu haendi zahanati, anakwenda hospitali, na haendi kesho. Madam, naye si mtu mbaya, alikuwa anadhani ni tumbo la kawaida la mwezi. Akaogopa, akatafuta ikama ya yule msichana, kibali chake cha ukaazi, akapanda nao gari. Sanduku la Bi Mkunga lilikwenda hospitali likiwa nyuma ya gari lile jeupe. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari aliyempasua alisema wangengoja kidogo zaidi wangemzika.

Mimi niliiona ndege yetu ikisogea kupitia kioo.

Msichana yule alipona. Alikuwa wa Busia, kijana, ana mama anayemtegemea. Sasa mimi hasira zangu ningezipeleka wapi? Kila niliyemweleza kilichonipata alisema alhamdulillahi. Alhamdulillahi, naam. Nilisema na mimi. Lakini likizo yangu ya mwaka ilikuwa imekwisha kwenye kiti cha kiwanja cha ndege, na ndani yangu nilikuwa na ghadhabu isiyo na mahali pa kutua, kwa sababu aliyenikosea alikuwa hajakosea.

Nilikwenda Ruwais kesho yake. Nilimkuta amesimama jikoni, anakunywa chai imepoa.

"Bi Mkunga," nikamwambia, "wewe hutaki kwenda."

"Usiseme hivyo. Ulitaka nimwache?"

"Sisemi huyo. Huyo ni kadari. Nasema mapacha, nasema harusi, nasema ngazi na bahari, nasema namba unazozigawa. Kama si huyo jana angekuwa mwingine. Ungemtafuta wewe mwenyewe barabarani."

Aliweka kikombe.

"Skiza," akasema. "Nikenda, nikarudi, nikakuta wamezaa salama, wamepona salama, hapana aliyenikosa. Nitakuwa nani?"

Ningeweza kumhurumia. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia hilo si la kuniuliza mimi, mimi nauza tiketi. Nikashuka. Hatukusemezana tena kwa miezi. Mama alijaribu, kama wanavyojaribu mama, akawa anapeleka salamu za kubuni huku na huku. "Bi Mkunga anakusalimia," alikuwa akiniambia kwenye simu, nami najua kabisa kuwa amezitunga.

Kisha, mwanzo wa baridi, mama alinipigia kwa sauti ya wasiwasi wa kweli. Bi Mkunga hayupo. Mlango umefungwa, simu imezimwa, abaya haliko nyuma ya mlango, kwani mama alikuwa na ufunguo na alifungua akaangalia. Watu wanapanda na kushuka. Mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza hospitalini. Nilimpigia Wafula kwa sababu hakuna mwingine wa kumpigia.

Wafula alikohoa. "Sista, alinikataza kabisa nisiseme."

"Wafula."

"Yuko salama. Nimempeleka airport juzi. Tiketi nilimkatia mimi kwa simu. Aliniambia nikifungua mdomo, nikiugua tena nitajijua."

Ile viza ilikuwa bado hai. Sikuikumbuka. Mimi, ambaye kukumbuka tarehe za viza ndiyo kazi yangu, nilikuwa nimeifuta kichwani pamoja naye. Na nitasema ukweli, kilichoniuma kwanza hakikuwa wasiwasi. Kiliniuma kwamba Wafula alimkatia tiketi mbaya. Alimpitisha Istanbul akakaa kwenye benchi mpaka mgongo ukalia, na hoteli aliyomchukulia ilikuwa juu ya mtaa wa ngazi. Yale yote niliyoyahangaikia, ngazi, bahari, mgongo, hayakuwa na maana hata kidogo. Alikwenda tu.

Nilichukua siku za mwisho wa wiki nikaenda Jidda, alipokuwa amesharudi. Nilipanda kwake na maneno yangu yamepangwa tayari. Alinifungulia mwenyewe. Kisha akaenda akakaa, naam, akakaa kitako katikati ya kochi, miguu mitupu. Uso ulikuwa na rangi ya mtu aliyelala.

"Njoo, mwanangu. Kaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Ndiyo, ningekuja. Si wewe uliyesema peke yako huwezi?"

"Ukija, pale pana mtu mmoja keshanijua," akasema, kana kwamba ananieleza dawa inanywewa vipi. "Tena atanikumbusha wengine wote."

Nikakaa. Akaniambia mvua ilinyesha karibu kila siku. Akaniambia mkate wao ni mgumu nje na laini ndani, na kweli jina lake ni lile lile. Alilala mpaka adhuhuri na hapana aliyegonga. Siku za mwanzo alikuwa akishtuka usingizini akitafuta kiatu kwa mguu, kisha akaacha.

"Nikaona mama mmoja ameanguka," akasema. "Pale Valletta, mji wao mkuu, kwenye ngazi zile, zimelowa. Mtu mzima, makamu yangu. Kaanguka kwa ubavu, watu wakamzunguka. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo, kwenye kimkahawa."

Nikangoja. Nilijua hadithi hii inakwendaje.

"Sikuinuka," akasema.

Nikamtazama.

"Nilikaa. Nikasema, wapo wenyewe. Ikaja gari ya wagonjwa, wakamchukua. Nikamaliza mkate wangu." Akanyoosha kanga magotini. "Lakini sikulala vizuri. Kesho yake nikenda hospitali yao kuuliza. Binti wa mapokezi akaniuliza, wewe ni nani wake? Mtu wa familia? Nikamwambia, hapana. Akaniuliza tena, jirani? Rafiki? Nikasema, mimi si mtu wake. Akasema basi samahani, hatuwezi kukwambia kitu. Akaniaga kwa adabu."

Alianza kucheka. Alicheka kwa sauti ndogo, mabega yakimtikisika, mpaka machozi yakamtoka na akayafuta kwa upindo wa kanga.

"Si mtu wake," akasema. "Mwanangu, hilo neno mimi nilikuwa sijapata kulisema kwa kiumbe yeyote. Nilitoka pale nikatembea mji mzima."

Alikunywa chai yake. Ilikuwa inatoa moshi. Nilimuuliza kama atakwenda tena.

"Nshapanga."

"Lini?"

"Sikwambii."

Nikakasirika upya, pale pale, baada ya yote. Nikamwambia angalau anipe mimi nimkatie tiketi, asipitie tena Istanbul kukaa kwenye benchi. Akasema tutaona inshallah, na ile inshallah naijua. Nikambusu mkono, nikatoka.

Kwenye ngazi, baina ya ghorofa yake na ya mama, nilikutana na mume na mke wanapanda, na mama mkwe nyuma yao anahema. Mke alikuwa amembeba mtoto amefunikwa blanketi. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anatazama taa.

"Dada, samahani," mume akasema. "Bi Mkunga yupo? Mtoto ana vipele shingoni, tunataka amtazame tu."

Nikavitazama vipele. Vilikuwa vya joto, hata mimi nilivijua. Nikafikiria ile chai yenye moshi.

"Hayupo," nikasema. "Amesafiri."

Wakatazamana. Mume akageuka kushuka, mke anamfunika mtoto vizuri. Juu yetu nikausikia mlango ukifunguliwa, na mlio wa kiatu kinachovaliwa haraka.

"Nani huyo?" Bi Mkunga akauliza kutoka juu. "Nipo. Pandeni."

Nikajibanza ukutani kuwapisha.